Mabara yalipoachana, barafu ikafunika Antaktika

Bara la Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, leo limefunikwa na barafu ambayo mahali fulani inapita kilometa 4 kwa unene. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita kulikuwa misitu huko, na watafiti wamekuta chini ya bahari chavua ya miti ya jamii ya michikichi.

Ni nini kilibadilisha mambo?

Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa, vinavyosogea polepole kila mwaka. Mwendo huo ndio unatanua bonde la ufa lenye maziwa ya Kivu na Tanganyika, na ndio chanzo cha volkano ya Nyiragongo.

Zamani Antaktika ilishikana na Australia na Amerika ya Kusini, na mikondo ya bahari kutoka sehemu za joto ilifika karibu na pwani zake. Vipande vilipoachana, maji yalipata njia pande zote mbili. Ile ya upande wa Amerika inaitwa Mlango-Bahari wa Drake, wenye upana wa kilometa 800 hivi. Tangu hapo mkondo mkubwa unazunguka bara zima bila kizuizi. Maji yake ni zaidi ya mara 3,000 ya yale mto Kongo unamwaga baharini, na unazuia maji ya joto kukaribia.

Miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu kubwa ilianza kujikusanya. Mwaka 1977 mtaalamu James Kennett alieleza kuwa mkondo huo ndio sababu. Lakini mwaka 2003 Robert DeConto na David Pollard walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kupungua kwa gesi ya kaboni hewani kulikuwa na nguvu zaidi.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa. Mwanadamu hawezi kusogeza mabara, lakini gesi hiyo anaiongeza kila siku. Udongo wa vinamasi katika misitu ya bonde la Kongo, kwetu na kwa majirani wa Brazzaville, umefunga karibu tani bilioni 30 za kaboni, zilizojikusanya kwa maelfu ya miaka. Ukikaushwa ao kuchomwa, kaboni hiyo inarudi hewani.

Na barafu yote ya Antaktika ikiyeyuka, bahari itapanda zaidi ya meta 50. Wakaaji wa Muanda, kwenye pwani yetu fupi, wanaelewa maana yake.