Fahamu: Uzee unavyoathiri kumbukumbu
Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kujenga kumbukumbu mpya, husinyaa taratibu uzeeni. Ndiyo maana babu husimulia vizuri mambo ya ujana wake, lakini hakumbuki alikoweka miwani asubuhi. Hilo ni la kawaida.

Kusinyaa huko kunaweza kupunguzwa, na hii ni habari njema kweli. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili: wa kwanza walitembea hadi dakika 40, mara tatu kwa wiki, wa pili walinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi za watembeaji ziliongezeka kwa asilimia 2; za wenzao zilipungua.

Lakini mzee akianza kupotea njia aliyoizoea, usiseme ni umri. Mpeleke hospitali.