Fidia ya Abiria Baada ya Ndege Kutua kwa Dharura

Sheria ya kimataifa ya usafiri wa anga hulipa fidia kwa kifo, kwa jeraha la mwili, kwa mizigo na kwa ucheleweshaji. Hofu haimo katika orodha hiyo. Abiria aliyevaa jaketi okozi akisubiri ndege izame, kisha ikatua salama, anaweza kutoka uwanjani bila mchubuko na bila haki ya kudai hata senti moja kwa yale yaliyompata rohoni. Hapo ndipo ugumu wa fidia ya kutua kwa dharura ulipo: kadiri rubani anavyoifanya kazi yake vizuri, ndivyo abiria wake wanavyobaki na madai machache mbele ya hakimu.

Chombo kikuu ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003 na kuchukua nafasi ya Mkataba wa Warsaw wa 1929 kwa nchi zilizojiunga nao. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni wanachama, kama zilivyo Oman, Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya. Mkataba huu unahusu safari za kimataifa, na kinachotazamwa ni safari iliyoandikwa kwenye tiketi ya abiria, si njia ya ndege aliyokaa. Tuseme ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam imetua kwa tumbo baada ya magurudumu kukataa kushuka. Abiria ambaye tiketi yake moja inampeleka Mwanza, Dar es Salaam hadi Dubai yuko chini ya Mkataba wa Montreal. Jirani yake wa kiti, anayeishia Dar es Salaam, yuko chini ya sheria za ndani za Tanzania. Wamepatwa na jambo moja, lakini madai yao yanaweza kuamuliwa kwa vipimo viwili tofauti.

Ibara ya 17 ya mkataba inamtaka mdai aonyeshe kwamba kulikuwa na ajali, na kwamba ilitokea ndani ya ndege au wakati wa kupanda au kushuka. Maana ya ajali iliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985, katika kesi ya abiria wa Air France aliyepoteza usikivu wa sikio moja ndege ilipokuwa ikishuka. Mitambo ya kudhibiti hewa ilikuwa ikifanya kazi kama kawaida, na mahakama ikaamua kwamba ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, linalotoka nje ya mwili wa abiria mwenyewe. Kwa kipimo hicho, injini kulipuka au moshi kujaa ndani ya ndege ni ajali bila ubishi mkubwa. Kugeuza njia kwa sababu ya mawingu mabaya, ndege ikatua uwanja mwingine kwa utulivu, ni vigumu kukuita ajali.

Ajali ikishathibitika, malipo ya jeraha huenda kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza hufika SDR 151,880 kwa kila abiria, kiwango kilichoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takriban dola 200,000 za Marekani. Ndani ya ngazi hii shirika la ndege haliwezi kujitetea kwa kusema halikukosea. Linaweza tu kupunguziwa deni likionyesha kwamba abiria mwenyewe alichangia kuumia kwake. Juu ya hapo hakuna kikomo, isipokuwa shirika likithibitisha kwamba madhara hayakutokana na uzembe wake, au yalisababishwa na mtu mwingine peke yake. Mara nyingi kiwango cha kwanza huripotiwa kana kwamba kila aliyenusurika atakabidhiwa hundi ya fedha hizo. Sivyo. Abiria hulipwa madhara aliyoyathibitisha, na aliyetumia dola 900 hospitalini bila hasara nyingine hawezi kudai 200,000. Fidia ya kuliadhibu shirika nayo imekatazwa waziwazi na Ibara ya 29.

Kiini cha ubishi ni maneno mawili, jeraha la mwili, ambayo Montreal iliyarithi kutoka Warsaw. Kesi iliyoyachambua zaidi ilianzia angani tarehe 5 Mei 1983. Ndege ya Eastern Airlines yenye injini tatu, ikitoka Miami kwenda Nassau, ilipungukiwa oili kwenye injini moja, na marubani wakaizima na kugeuza kurudi. Njiani injini mbili zilizobaki nazo zikazimika. Abiria wakaambiwa wajiandae kutua juu ya bahari ya Atlantiki. Ndege iliendelea kushuka bila nguvu yoyote hadi marubani walipofanikiwa kuiwasha tena ile injini ya kwanza, wakatua Miami salama. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi walikuwa wamefunga vifaa vya kunasa chembe za chuma bila mipira yake ya kuzuia uvujaji, katika injini zote tatu. Uzembe ulio wazi zaidi ya huo ni nadra kupatikana. Hata hivyo, mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba abiria wale hawakuwa na haki ya fidia chini ya Mkataba wa Warsaw, kwa kuwa walichoumia ni akili tu. Mwaka 1999 mahakama hiyohiyo, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la El Al, ilifunga mlango uliobaki: asiyefaulu chini ya mkataba hawezi kukimbilia sheria za ndani kudai jambo lilelile.

Uingereza ilifuata njia hiyo mwaka 2002, ikiacha ufa mdogo. Helikopta ya Bristow ilikuwa imepaa kutoka jukwaa la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, injini zikazimika, ikarudi kujibwaga juu ya jukwaa huku moshi ukitanda. Mmoja wa waliokuwamo alipata maradhi ya kiwewe, na baadaye vidonda vya tumbo vilivyotokana na msongo huo. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, lilikataa madai ya kiwewe na kukubali ya vidonda vya tumbo, kwa sababu kidonda ni jeraha la mwili hata kama mzizi wake ni hofu. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, Uganda au Tanzania, lakini una uzito wa ushawishi katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza. Kwa hiyo vipimo vya daktari ni ushahidi wa kwanza wa kutafuta. Presha iliyopanda, vidonda vya tumbo au mabadiliko yanayoonekana mwilini vinaweza kubadili hatima ya madai.

Ulaya bara imekwenda mbali zaidi. Tarehe 1 Machi 2019 injini ya ndege ya Laudamotion ililipuka uwanjani Stansted, London, ilipokuwa ikiondoka kwenda Vienna. Abiria waliteremshwa kwa dharura, na mwanamke mmoja akarushwa mita kadhaa na upepo wa injini ya pili iliyokuwa bado inazunguka. Aligunduliwa kuwa na maradhi ya kiwewe. Tarehe 20 Oktoba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba madhara ya akili yanalipwa chini ya Montreal sawa na ya mwili, hata yasipoambatana na jeraha, mradi ni mazito kiasi cha kuathiri afya kwa jumla na hayawezi kupungua bila matibabu. Huo ndio uamuzi wenye busara kuliko yote yaliyotajwa hapa. Unadai uthibitisho wa kitabibu, kwa hiyo anayetaka kulipwa kwa mshtuko wa dakika moja hapiti. Na haumtupi mgonjwa wa kweli kwa sababu tu ugonjwa wake hauonekani kwenye picha ya eksirei.

Safari za ndani ziko nje ya mkataba, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Mto Hudson. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways namba 1549 iligonga kundi la mabata bukini muda mfupi baada ya kupaa New York ikielekea Charlotte. Injini zote mbili zilipoteza nguvu, na rubani Chesley Sullenberger akaishusha juu ya maji. Watu wote 155 walitoka hai, watano kati yao wakiwa wameumia vibaya. Shirika lilimpelekea kila abiria barua ya kuomba radhi, nauli yake na dola 5,000 kwa mizigo, pamoja na nafasi ya kudai 5,000 nyingine kwa atakayeonyesha hasara kubwa zaidi. Baadaye baadhi ya abiria walieleza kwamba walipewa ahadi ya dola 10,000 kwa sharti la kutoshtaki. Kisheria walikuwa na silaha chache. Katika safari ya ndani ya Marekani mdai hulazimika kuthibitisha uzembe, na ni nani atakayeshtakiwa kwa uzembe wa bata?

Kwa kuwa sheria huacha pengo hilo, mashirika makubwa ya Marekani yamezoea kulijaza kwa hiari. Southwest iliwapa abiria wa ndege namba 1380 dola 5,000 na vocha ya safari ya 1,000 baada ya injini kupasuka angani Aprili 2018, tukio lililomuua abiria mmoja. Alaska Airlines ilitoa dola 1,500 na kurudisha nauli baada ya kipande cha ukuta wa Boeing 737 kuchomoka Januari 2024. Delta ilitoa dola 30,000 kwa kila abiria wa ndege iliyopinduka ilipotua Toronto Februari 2025, ambapo watu wote 80 walinusurika, ikisema malipo hayo hayana masharti. Tofauti ya viwango inaonyesha kwamba hakuna kipimo kinachofuatwa. Kila shirika hukadiria ukubwa wa tukio, kelele za magazeti na nguvu ya mawakili.

Jambo la kuangalia kuliko kiasi ni karatasi inayoambatana na hundi. Malipo ya awali ya kumsaidia abiria ni kitu kimoja: Ibara ya 28 inasema hayahesabiwi kuwa shirika limekiri kosa, na yanaweza kukatwa kwenye fidia ya mwisho. Hati ya kuachana na madai ni kitu kingine kabisa. Aliyeitia saini wiki ya pili, kabla hajajua kwamba hatalala usiku kwa mwaka mzima, ameuza haki asiyoijua thamani yake.

Muda uliopotea una hesabu yake. Montreal inaruhusu hadi SDR 6,303 kwa hasara iliyothibitishwa ya ucheleweshaji, lakini shirika likionyesha lilichukua hatua zote za busara huondokewa na deni. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 hutumia viwango vilivyopangwa vya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Inahusu safari zote zinazoanzia Umoja wa Ulaya, na zinazoelekea huko kwa mashirika ya huko. Anayetoka Paris kwenda Nairobi kwa Kenya Airways analindwa. Anayekwenda Paris kwa shirika hilohilo halindwi. Ndege ikirudi ilikotoka na abiria wakahamishiwa nyingine, safari huhesabiwa kuwa imefutwa. Hapo chanzo cha dharura ndicho huamua: hitilafu ya kawaida ya mitambo hailiokoi shirika, ila kugongana na ndege wa porini, kwa uamuzi wa 2017 wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ni jambo lililo nje ya uwezo wake.

Kwa mizigo, kikomo cha Montreal ni SDR 1,519, kama dola 2,000. Sanduku lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku saba. Begi la mkononi lililoachwa kitini wakati wa kuteremka kwa dharura hulipwa ikiwa hasara imetokana na kosa la shirika, na hakuna begi linalostahili kumchelewesha aliye nyuma kwenye mlango wa dharura.

Mtengenezaji wa ndege au injini hakingwi na Mkataba wa Montreal. Kasoro ikitoka kiwandani, abiria anaweza kumshtaki kwa sheria za kawaida, na ndiyo sababu mawakili husubiri ripoti ya uchunguzi kabla ya kuamua mlango wa kugonga.

Fidia ya haki katika matukio haya haiwezi kuwa kiwango kimoja kwa wote. Yupo atakayerudi kazini Jumatatu, na yupo mfanyabiashara atakayeacha kupanda ndege na kupoteza wateja. Malipo ya haraka yasiyo na masharti yanafaa kwa wote, kwa ajili ya nguo, dawa na usumbufu. Matibabu ya akili yanapaswa kulipwa kama yanavyolipwa ya mguu uliovunjika. Na hasara kubwa ithibitishwe na mwenye nayo. Mgawanyo wa mwili na akili ni urithi wa 1929, wakati mashirika ya ndege yalikuwa machanga na yakilindwa yasifilisike. Hali hiyo imepita, na mashirika leo yanalazimika kisheria kuwa na bima.

Kesi chini ya Montreal hufunguliwa katika nchi yenye makao ya shirika, nchi ilikokatwa tiketi kwenye ofisi ya shirika, au nchi ya mwisho wa safari. Aliyeumia anaweza pia kushtaki nchini anakoishi, ikiwa shirika hilo linahudumu huko. Ahifadhi tiketi, kadi ya kupandia, stakabadhi za hospitali na barua zote za shirika. Ukomo wa kushtaki ni miaka miwili tangu siku ndege ilipofika, au ilipopaswa kufika. Baada ya hapo haki yenyewe hufutika, hata kama ugonjwa ndiyo kwanza umejulikana.