Mkazo na Mnyumbuko: Istilahi Mbili za Uhandisi

Katika fonolojia, mkazo ni utamkaji wa silabi moja kwa nguvu zaidi kuliko nyingine. Katika uhandisi, ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo la mkato wa kiungo cha jengo kinachovutwa au kugandamizwa kwa urefu wake. Nondo ya feleji yenye urefu wa milimita 2,000 na eneo la milimita za mraba 500, ikivutwa kwa nyutoni 50,000, hupata mkazo wa nyutoni 100 kwa kila milimita ya mraba. Mkazo huo ukigawanywa kwa moduli ya unyumbufu wa feleji, takriban 200,000 kwa kizio hicho hicho, hupatikana mnyumbuko wa 0.0005, usio na kizio. Nondo hurefuka milimita 1. Istilahi moja ikibebeshwa dhana zote mbili, hesabu huharibika.