Mgeni Aliyekataa Jembe

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmekwisha kusikia habari za kangaruu, yule mnyama wa Australia achukuaye mtoto wake mfukoni. Leo twapenda kuwaelezeni habari za ndugu yake mdogo, aitwaye kwoli wa kaskazini.

Kwoli ni mdogo kuliko paka, na manyoya yake ni ya rangi ya kahawia yenye madoa meupe. Hutembea usiku, akiwinda wadudu, panya, mijusi na vyura. Watoto wake huzaliwa wadogo mno, kisha hushikamana na chuchu tumboni pa mama yao mpaka wapate nguvu. Maisha ya dume ni mafupi ajabu: akiisha majira ya kupandana hudhoofika, akafa akiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo uzazi wote wa mwaka ujao hutegemea majike na watoto wao.

Mnyama huyu sasa yumo hatarini, na hatari hiyo ilianzia katika shamba la miwa.

Zamani wakulima wa Queensland walisumbuliwa sana na mbawakawa. Mabuu ya mdudu huyo hukaa udongoni, yakatafuna mizizi ya miwa. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu, Reginald Mungomery, alileta kutoka Hawaii vyura wakubwa wapatao mia moja, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Wakazalishwa, na watoto wao wakaachiliwa mashambani ili wawale mbawakawa.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa jembe siku ya kwanza, akalikataa! Mbawakawa walikuwa juu majanini, na mabuu yao chini ardhini. Chura hapandi muwa, wala hachimbi mizizi. Akajitafutia chakula kingine, akazaana. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa mara moja. Leo vyura hao wameenea kutoka Queensland hata Australia ya Magharibi.

Je, ubaya wao ni nini? Ni sumu. Huku Afrika tunao vyura wa jamii hiyo tangu kale, na nyoka wengine huwala bila kudhurika. Lakini Australia haikuwa na hata mmoja wa jamii hiyo, na wanyama wake wengi hawakuizoea sumu yao. Kwoli humrukia chura kama alivyozoea kuwarukia vyura wa kwao, akafa papo hapo. Vyura walipofika katika hifadhi ya Kakadu mwaka 2001, kwoli wakatoweka upesi mahali pengi.

Mwaka 2003 baadhi yao walihamishiwa visiwani, mahali pasipo vyura hao. Huko wakaongezeka sana. Kisha wataalamu wakapata akili nyingine. Waliwapa kwoli vyura wadogo waliokufa, waliotiwa dawa ya kuleta kichefuchefu. Kwoli akila, huugua kidogo bila kufa, na tangu siku hiyo harufu ya chura humchukiza. Waliofundishwa hivyo waliishi muda mrefu zaidi porini kuliko wasiofundishwa.

Hata hivyo kazi haikuisha. Mwaka 2016 kwoli wa ukoo wa visiwani walirudishwa Kakadu. Walikuwa wamefundishwa kumwogopa chura, lakini visiwani hakukuwa na mbwa-mwitu wa Australia, aitwaye dingo. Katika vizazi vichache tu walikuwa wamesahau kujihadhari naye, na wengi wakaliwa. Amlindaye mtoto na kila hatari pasipo kumfundisha, hajamlinda bado.

Lakini wapo wanyama wa kienyeji waliojifunza wenyewe. Katika nchi ya Kimberley kuna panya wa majini ambaye humpasua chura kwa uangalifu, akala moyo na ini, akaiacha ngozi yenye sumu.

Basi, ndugu mkulima, ukiambiwa ulete mdudu au mnyama mgeni aje kukusaidia shambani, usimpokee kwa haraka. Uliza kwanza maneno mawili: Huyu atakula nini hasa? Naye ataliwa na nani? Watu wa Queensland hawakuyauliza ya kutosha, na mpaka leo kwoli analipa deni lisilo lake.