Mionzi au Dawa? Shauri la Mgonjwa wa Mapafu

Mzee mmoja, jirani yetu hapa Mbulu, alikohoa miezi mingi. Alimeza dawa za kifua kikuu asipate nafuu, mpaka makohozi yakatoka na damu. Hospitalini ikabainika kuwa ni saratani ya mapafu. Wanawe wakakutana barazani, na shemeji akaja kutoka Katesh, wabishane: atibiwe kwa mionzi au kwa dawa? Huyu akasema mionzi huunguza. Yule akasema dawa humaliza nguvu na kupukutisha nywele. Kisha wakatujia sisi tuwaamue. Tukawauliza: Mzee mwenyewe asemaje? Wakainamisha vichwa. Hawakuwa wamemwambia jina la maradhi yake.

Ndugu Waislamu, tiba hizi hazichaguliwi kama kitambaa dukani. Kwanza hukatwa kinyama kidogo pafuni, kikatazamwa kwa darubini, na mwili ukapigwa picha ijulikane maradhi yamefika wapi. Iko saratani ya chembe ndogo, nayo hutawanyika upesi mno. Kwa hiyo dawa ndizo hutangulia, maana huchukuliwa na damu hadi kila kiungo. Ikiwa ingali kifuani tu, mionzi huongezwa. Ziko nyingine ziendazo taratibu zaidi. Zikiwahiwa hupasuliwa, au hupigwa mionzi mahali pale pale, na mara nyingi dawa hutiwa pamoja nayo. Hata yakishafika mifupani, mionzi ya siku chache yaweza kupunguza maumivu.

Wilaya zetu za Mbulu na Hanang hazina mashine za mionzi. Haydom ipo hospitali kubwa tangu mwaka 1955, lakini kwa mionzi watu hupelekwa mbali, kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Mionzi ya kutafuta kupona yaweza kuchukua wiki sita, dakika chache kila siku ya kazi. Basi yatakiwa nyumba ya kufikia na mtu wa kumwangalia mgonjwa. Dawa aghalabu hutiwa mshipani kila baada ya wiki tatu, na katikati mgonjwa aweza kurudi kwake. Lakini akishikwa na homa huko nyumbani asingojwe hata asubuhi, kwani dawa hizo hupunguza askari wa damu.

Wapo wanaowakataza watoto kumkaribia aliyepigwa mionzi ya mashine. Hiyo ni dhuluma tu! Mionzi hiyo haibaki mwilini mwake. Wajukuu na wampakate. Ama saumu, sheria imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa, na Bwana Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Mzee alipoambiwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza neno ambalo barazani hakulitaja mtu: ni tiba ipi itakayomwezesha kurefusha sijida bila ya kukatika pumzi? Mwanawe akaliandika karatasini ili amwulize tabibu, na alfajiri ya pili wakapanda gari kuelekea Babati na Dar es Salaam.