Lugha ya Madalali katika Kadi za Posta za Elisabethville

Kadi za posta zilizochapishwa wakati wa Kongo ya Kibelgiji (1908-1960) huuzwa hata leo katika minada ya Ulaya. Baadhi yake zina picha za Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu 1966: stesheni ya reli, viwanda vya Union Minière, kambi za wafanyakazi. Kila kadi huandikiwa na dalali maelezo mafupi. Makala haya yanachambua lugha ya maelezo hayo, kwani mtafiti anayeyategemea huweza kupotoka.

Kwanza, msamiati wake huhusu karatasi kuliko picha. Katika orodha za Kifaransa, kifupisho CPA humaanisha kadi ya posta ya zamani, na TBE humaanisha kuwa kadi iko katika hali nzuri sana. Kadi iliyopita posta husemwa kuwa “imesafiri”. Kadi yenye watu huitwa “animée”, yaani iliyotiwa uhai, na sifa hiyo mara nyingi huipandisha bei. Hivyo watu waliomo huongeza thamani ya kadi, lakini dalali anayetaja hata pembe iliyokunjika huwa hana la kusema juu yao.

Pili, dalali hunakili maneno yaliyochapishwa kwenye kadi bila kuonyesha kuwa si yake. Katika “type indigène”, neno “type” ni la uainishaji: humfanya mtu kuwa kielelezo cha kabila, kama jani katika mkusanyo wa mimea. Jina “Baluba” nalo halitenganishi Waluba wa Katanga na wale wa Kasai. Union Minière iliajiri wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na wenyeji wa Katanga. Suala hili si dogo. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakihesabiwa kuwa wageni. Picha iliyopewa jina la kabila kwa kubahatisha yaweza kugeuzwa ushahidi katika mabishano ya namna hiyo.

Tatu, tarehe hutatanisha. Muhuri wa posta huonyesha siku kadi ilipotumwa tu. Picha yenyewe yaweza kuwa ilipigwa miaka mingi kabla.

Maelezo bora yangetenganisha mambo manne: maneno yaliyochapishwa, yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu, maandishi ya mtumaji, tarehe ya muhuri, na maoni ya dalali mwenyewe. Mahali pangetajwa kwa jina la zamani na la sasa. Kuhusu mtu aliye pichani, ingefaa kuandika kwamba jina lake halikuandikwa. Kauli hiyo humkumbusha msomaji kwamba mtu huyo alikuwa na jina, na kwamba huenda bado lakumbukwa na jamaa zake mjini Lubumbashi.