Vumbi la Gitaa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Mgodini unavaa kinyago. Mashine ya kutoboa mwamba inamwagiwa maji ili vumbi lianguke chini. Lakini ukirudi Kamanyola kwa mapumziko, unashika msumeno na randa, unatengeneza meza, kiti, pengine gitaa, na pua yako iko wazi. Kwa nini?

Mwenzetu mmoja alikuja dispanseri akikohoa. Nilimuuliza juu ya mgodi, akajibu yote vizuri. Nilipomuuliza juu ya nyumba, akacheka: kwa sababu ya mvua, alikuwa akichonga gitaa katika chumba wanamolala watoto. Mtoto wake wa mwisho naye alikuwa akikohoa.

Mimi sikukatazi gitaa. Hata Mwenda Jean Bosco, Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa migodi, Likasi, ulioitwa wakati ule Jadotville. Lakini ujue kazi yenyewe. Meza inasuguliwa kidogo tu. Ubao wa uso wa gitaa unapunguzwa mpaka unene wa milimita 3 hivi, na mbavu mpaka 2, ndipo zikubali kupindwa kwa maji na moto. Anayepunguza kwa msasa anavuta siku nyingi vumbi laini, lile ambalo jicho halilioni vizuri. Vumbi la mbao huwasha macho na huleta pumu. Mwaka 1995 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliliandika kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu, hasa ya pua, kwa wale wanaolivuta miaka mingi. Na kitambaa unachofunga puani kinashika unga mkubwa tu.

Kumwaga maji kama mgodini haiwezekani, ubao utapinda. Basi punguza unene kwa randa, kisha kwangua kwa kipande cha bamba la chuma kilichonolewa ukingo. Kinatoa maranda membamba, si unga. Msasa uje mwisho kabisa. Fanya kazi nje, upepo ukitoka ubavuni ili upeleke vumbi mbali nawe, na kinyago cha vumbi usoni. Mama, usifagie kukiwa kukavu: pangusa kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zisiingie chumbani. Verni ikae mbali na mbabula unayopashia bomba la kupindia mbavu. Mvuke wake unashika moto kabla hujauona.

Lakini hili linanitia wasiwasi zaidi: mtu wa mgodi anayekohoa asiseme "ni mbao tu". Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa upesi na kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, njoo tupime makohozi.

Yule mwenzetu na mtoto wake tuliwapima, hawakuwa na kifua kikuu. Sasa anafanya kazi chini ya mwembe. Ubavu mmoja ulimpasukia alipokuwa akiupinda, anachonga mwingine.